Mwenyeji, Mgeni na Kazi ya Hatari: Maneno ya Machimbo ya Dhahabu ya Msalala na Geita

Kata ya Segese iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoa wa Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu utokao Kahama kuelekea Geita. Lugha za wenyeji wa sehemu hizi ni Kisukuma, Kinyamwezi na Kisumbwa, ambazo Guthrie aliziweka pamoja na kuzipa alama F.21, F.22 na F.23. Lakini kila inapoonekana dhahabu watu wa makabila mengine hufika upesi, na lugha iwaunganishayo ni Kiswahili. Kwa sababu hiyo machimbo ni mahali pafaapo kuchunguzia swali ambalo wataalamu wa afya na wa elimu ya jamii wamelishughulikia sana tangu mwaka 2020: je, hatari ya kazi huwaangukia watu sawasawa, au huwafuata kwa kabila lao na kwa mahali walipozaliwa?

Swali hili limeulizwa zaidi kwa Kiingereza, na majibu yake mengi yametoka Ulaya na Marekani. Likihamishwa lilivyo mpaka Msalala na Geita, hukutana na maneno ambayo maana zake hazilingani na zile za huko lilikotoka. Makala hii yaeleza maneno manne au matano ya namna hiyo: muhimu, hatari, kabila, mwenyeji na mgeni. Jambo hili si la kamusi tu. Neno lisilopambanuliwa vema katika hojaji ya mtafiti laweza kumfanya mtu mgonjwa asihesabiwe kabisa.

I. Kazi iliyo muhimu

Wakati wa maradhi ya korona, nchi nyingi zilitaja kazi ambazo hazikuweza kusimamishwa: uuguzi, usafi, usafirishaji, ukulima, uuzaji wa vyakula. Kwa Kiswahili wanaozifanya waliitwa wafanyakazi wa huduma muhimu. Lakini maneno "huduma muhimu" yalikuwa tayari na makao yake katika sheria ya Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 77, huzitaja huduma hizo: maji na usafi wa mazingira, umeme, huduma za afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano ya anga, na usafiri unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Shabaha ya orodha hiyo ni kuweka mpaka wa haki ya kugoma. Haikutungwa ili kumkinga mfanyakazi na maradhi.

Maana ya pili ni pana zaidi. Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilichunguza nchi 90 na kuona kwamba wafanyakazi wa kazi hizo ni asilimia 52 ya wafanyakazi wote. Wakulima, wauza vyakula, wafagiaji, madereva na walinzi wamo. Basi mtu mmoja, kwa mfano mkulima wa mpunga wa Kahama, yumo katika maana ya pili na hayumo katika ile ya kwanza. Mtafiti asiyesema anatumia maana ipi atachanganya orodha mbili zilizotungwa kwa makusudi mawili tofauti.

Mchimbaji wa dhahabu hayumo katika orodha ya sheria, na dhahabu hailiwi wala haitibu. Hata hivyo, mwaka 2024 sekta ya madini ilifikia kiasi cha asilimia 10 ya pato la taifa, na dhahabu ndiyo iliyotangulia madini yote katika kuleta fedha za kigeni. Mwaka 2020, bei yake ilipopita dola 2,000 kwa aunsi duniani, uchimbaji haukusimama. Hapa sarufi yenyewe yatoa fundisho. Sifa "muhimu" haikamiliki peke yake, hudai kuulizwa, "muhimu kwa nani?" Uchimbaji ni muhimu kwa hazina ya serikali, kwa mnunuzi aliye mbali, na kwa nyumba ambayo mavuno yake ya pamba au mpunga hayakutosha. Umuhimu huo wote huwahusu wale wanaopokea kazi ya mchimbaji. Hausemi lolote juu ya kinga anayopewa yeye anayeifanya.

II. Hatari, na kufikiwa na hatari

Lugha ya kila siku hutumia neno "hatari" kwa mambo mawili. La kwanza ni kitu chenyewe kidhuru. La pili ni hali ya mtu kupatwa na kitu hicho. Simba aliye porini ni hatari kwa maana ya kwanza. Lakini anayefikiwa na hatari hiyo ni yule apitaye porini kwa miguu, wala si yule asomaye habari za simba akiwa mjini. Kwa maana ya pili yafaa kusema "kufikiwa na hatari", ili hatari iliyo mahali itofautishwe na hatari iliyompata mtu. Tofauti hii ndiyo msingi wa uchunguzi wote wa afya ya wafanyakazi, kwani machimbo mamoja yana hatari nyingi, na kila hatari humfikia mtu wake.

Hayo huonekana wazi kazi ikifuatwa hatua kwa hatua. Kwanza ni duara, yaani shimo linaloshuka kuufuata mwamba wenye dhahabu. Humo watu hushuka kwa kamba, huvunja mwamba kwa nyundo na tindo au kwa baruti, na huzuia kuta kwa matimba, neno lililotokana na jina la Kiingereza la magogo ya kujengea. Hatari zake ni kuporomoka kwa ardhi, maji ya mvua, hewa mbaya na vumbi. Hatua ya pili ni kuponda mawe, kwa mikono au kwa karasha, yaani mtambo wa kusagia. Hapo vumbi ni jingi kuliko mahali pengine, nalo lina chembechembe za silika, zile zilizo ndogo mno zikishuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Hatua ya tatu ni mwalo, ambako unga wa mawe huoshwa na kuchanganywa na zebaki ili zebaki ishike dhahabu. Hatua ya nne ni kuchoma: zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi na kutoka kama mvuke, hali dhahabu, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064, hubaki. Mchanga uliobaki huuzwa ukachenjuliwe tena kwa sayanaidi.

Kwa mpango huo, mtu ambaye hajashuka hata mara moja katika duara aweza kuwa ndiye aliyefikiwa na sumu kuliko wote. Wanawake, ambao kwa desturi ya machimbo mengi huzuiwa wasishuke, hufanya kazi ya kuponda, kuosha na wakati mwingine kuchoma. Nao wauza vyakula huketi karibu na moto huo. Mvuke wa zebaki hupita mapafuni mpaka katika mishipa ya fahamu, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Mtafiti anayeuliza, "Je, wewe ni mchimbaji?" na kuandika "hapana" kwa mwanamke wa mwaloni, ameifuta hatari kwa sababu ya neno moja. Swali bora ni, "Katika hatua zipi za kazi ya dhahabu mikono yako hufanya kazi?"

III. Kabila ni jina la nani?

Nchini Uingereza takwimu za serikali huandika asili ya mtu. Ndiyo maana mwezi wa Juni 2020 taasisi ya serikali ya afya ya umma iliweza kutangaza kwamba watu wenye asili ya Bangladesh walikuwa na hatari ya kufa kwa korona iliyokaribia mara mbili ya ile ya Waingereza weupe, baada ya kuzingatia umri na mambo mengine. Katika Tanzania hesabu ya namna hiyo haiwezi kufanywa kutokana na sensa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Tangu hapo swali hilo liliachwa kwa makusudi ya kujenga umoja wa taifa. Sensa za baadaye, pamoja na ile ya 2022, huuliza mahali pa kuzaliwa. Kwa hiyo, ukitaka kujua kama hatari hufuata kuzaliwa, takwimu za kuanzia zipo. Ukitaka kujua kama hufuata kabila, hazipo.

Tena katika Shinyanga jina la kabila lina tabia yake. Katika lugha za huko "sukuma" ni kaskazini na "dakama" ni kusini. "Kiya" ni mashariki na "ng'weli" ni magharibi. Msukuma, kwa asili ya neno, ni mtu wa upande wa kaskazini, na Mdakama ni mtu wa upande wa kusini. Jina hutegemea asimamapo msemaji: mtu wa Kahama aweza kuitwa Mdakama na jirani yake wa kaskazini, Msukuma na mtu wa Tabora, na Mnyamwezi na mtu wa pwani, bila yeye kuhama nyumba yake. Majina haya yalikuja kuwa magumu kama mawe yalipoandikwa katika vitabu vya utawala wa kikoloni. Hii si kusema kwamba kabila si kitu. Ujamaa na lugha huamua ni nani atakayemwita nani kuja machimboni, na ni nani atakayemshika mwenzake kamba. Lakini ni kusema kwamba jina lililoandikwa katika hojaji laweza kuwa jibu la "Wewe ni wa upande gani ukitazamwa kutoka hapa?"

Mahali pa kuzaliwa nako kwahitaji uangalifu. Kiswahili kina maneno matatu ambayo hayalingani: mwenyeji, mzawa na raia. Mwenyeji ni mwenye mahali. Mzawa ni aliyezaliwa hapo. Raia ni aliyetambuliwa na dola. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia kiasi cha watu 162,000 kutoka Burundi, wale waliokuja kama wakimbizi mwaka 1972 pamoja na watoto wao, wengi wao wakiwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ulyankulu imo katika mkoa wa Tabora, unaopakana na Kahama. Kati yao wapo waliozaliwa Tanzania, wakakaa zaidi ya miaka thelathini bila kuwa raia. Tofauti hiyo ina uzito machimboni, kwa kuwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeweka leseni ya uchimbaji mdogo kwa raia wa Tanzania peke yao. Asiye raia hawezi kuwa mwenye leseni. Akitaka kupata riziki kwa dhahabu kwa njia ya mikono yake, kinachobaki ni kazi ya chini ya mwingine.

IV. Mgeni na jembe

Methali mbili za Kiswahili hueleza uhusiano huu kuliko orodha nyingi. Ya kwanza husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili husema, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Kwa kawaida ya kwanza husomwa kama sifa ya ukarimu, na ya pili kama onyo kwa mvivu. Zikiwekwa pamoja katika uwanja wa kazi, huonyesha jambo jingine: kuja kwa mgeni ni nafuu kwa mwenyeji, na nafuu hiyo hupatikana kwa jembe analopewa mgeni.

Historia ya maneno ya kazi katika Afrika Mashariki yathibitisha hayo. "Kibarua" ni udogo wa barua: kilikuwa kijikaratasi ambamo siku za kazi ziliandikwa, kisha jina la karatasi likawa jina la kazi na la mtu mwenyewe. "Manamba" ni watu waliopelekwa katika mashamba ya mkonge wakijulikana kwa namba zao. Katika nyanda za juu za kusini, watu waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika ya Kusini walipelekwa na shirika lililojulikana kama Wenela, mpaka baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali iliposimamisha uandikishaji huo. Katika maneno yote mawili, kibarua na manamba, mtu ameitwa kwa kitu alichoshikishwa, na kwao kumesahaulika.

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba mgeni hufikiwa na hatari na mwenyeji huokoka. Shina -geni lina maana zaidi ya moja, na machimboni inafaa zitenganishwe tatu. Kuna mgeni wa mahali, aliyetoka mbali. Kuna mgeni wa kazi, ambaye hajaijua kazi. Kuna mgeni wa lugha, asiyeelewa maneno ya onyo. Mchimbaji aliyefuata rashi za dhahabu tangu Chunya hadi Geita ni mgeni wa mahali afikapo Segese, lakini ni mwenyeji wa kazi: huusoma mwamba, hujua ni lini matimba yameanza kulalamika, na aweza kukataa kushuka. Kijana wa kijiji cha jirani, aliyeingia machimboni baada ya mvua kukosekana, ni mwenyeji wa mahali na mgeni wa kazi. Shamba la baba yake laweza kumpa sehemu ya mawe ikiwa duara limechimbwa humo. Lakini kama hana shamba hilo, huanza kwa kubeba na kuponda, kule kwenye vumbi. Bibi mzee aliyezoea Kisukuma tu, akisikia maelezo ya zebaki kwa Kiswahili cha ofisini, ni mgeni wa lugha katika nchi aliyozaliwa.

Hojaji yenye swali moja, "Umezaliwa wapi?", itawaweka watu hawa watatu katika visanduku viwili, na jibu litatoka limechafuka. Ikiwa ugeni wa mahali na ugeni wa kazi huelekea pande mbili tofauti, basi takwimu zitaonyesha kwamba kuzaliwa hakuna athari yoyote, hali athari zipo mbili zinazofutana.

Dola nayo yaweza kugeuza ugeni. Katika Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa mwezi wa Agosti 1996, na mgodi mkubwa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Tangu siku eneo linapopata mwenye leseni, yule aliyelichimba kabla yake akirudi huitwa mvamizi. Hakuhama wala hakubadili kazi. Kilichobadilika ni jina lake, na pamoja na jina, kinga yake yote.

V. Ajali huonekana, maradhi hupotea

Ajali za machimbo hazichagui kabila. Mwezi wa Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilaya ya Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, na mmoja alikufa chini ya ardhi. Mwezi wa Januari 2017 watu 15 walifukiwa Nyarugusu, Geita, 14 Watanzania na mmoja raia wa China, nao wote waliokolewa. Ardhi ikiisha kuporomoka, pasi ya kusafiria haina kazi. Mgawanyo wa hatari hufanyika kabla ya hapo, pale inapoamuliwa nani ashuke na nani abaki juu akihesabu mifuko.

Lakini ajali huhesabiwa kwa kuwa ina siku, mahali na majina. Maradhi ya vumbi la silika hayana hayo. Huchukua miaka, hayana dawa ya kuyaponya, na humrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Mgeni wa mahali akianza kukohoa na kupungukiwa nguvu hurudi kwao. Huko huandikwa mgonjwa wa kifua, na neno "dhahabu" halitajwi. Machimboni hubaki wenye afya. Mtafiti akifika na kupima waliopo, ataona wageni ni wazima kuliko wenyeji, na atadhani ugeni ni kinga. Kumbe amepima nguvu ya kubaki.

Afrika ya Kusini imetoa mfano wa gharama ya kosa hilo. Mwaka 2019 mahakama kuu ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya fidia ya kiasi cha randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua kwa vumbi na kifua kikuu, kwa kazi iliyofanywa tangu Machi 1965. Wengi wa watu hao walikuwa wametoka Lesotho, Msumbiji na nchi nyingine, na kazi kubwa iliyofuata ilikuwa kuwatafuta vijijini kwao. Katika Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, humlipa mfanyakazi ambaye mwajiri wake ajulikana. Mtu wa duara, alipwaye kwa mgawo wa mifuko ya mawe, mara nyingi hana mwajiri kwa maana hiyo. Ana wenzake, mwenye duara na mwenye leseni. Kutokuwapo kwa neno "mwajiri" katika mapatano yake humtoa katika fidia.

VI. Lugha ya onyo

Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, na hivyo ikajifunga kupunguza matumizi yake katika uchimbaji mdogo. Njia moja ni chombo chenye mfuniko na bomba la kupozea, ambacho hukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Humkinga mchomaji na humwokolea fedha. Lakini chombo huja na maelezo, na maelezo huja kwa lugha.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilitungwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo tafsiri haitoshi ikiwa maneno yake hayana uchungu wa onyo. Neno "dawa", kwa mfano, hutumika kwa kitu chochote kitendacho kazi juu ya kingine: dawa ya homa, dawa ya viatu, dawa ya panya. Kemikali ya machimboni ikiitwa dawa, msikilizaji huachiwa kuchagua mwenyewe kati ya ile ya homa na ile ya panya. "Zebaki" ni jina safi lililotoka Kiarabu, lakini halisemi lolote juu ya mvuke usioonekana wala kunuka. Onyo lifaalo husema kitendo na mtu wake: "Ukiichoma zebaki pasipo mfuniko, unavuta sumu, na aliye karibu nawe anaivuta." Sentensi hiyo yafaa pia kusemwa kwa Kisukuma na Kisumbwa, kwa vinywa vya watu wanaozisema lugha hizo, maana mgeni wa lugha hawezi kuonywa kwa lugha ambayo kwake ni ugeni.

Kwa hiyo uchunguzi wowote wa hatari ya kazi katika ukanda huu wapaswa kuuliza mambo matano badala ya mawili: mahali pa kuzaliwa, lugha inayosemwa nyumbani, miaka ya kuijua kazi, hatua za kazi anazozifanya mtu, na haki aliyo nayo juu ya ardhi au leseni. Na wapaswa kumtafuta aliyeondoka. Hapo ndipo itakapojulikana ni nani hasa aliyepewa jembe siku ya tatu, na ni nani aliyepona.